Chekeche la Mama

Mama alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidonda kisichotaka kupona. Nesi wa kliniki ya sukari mjini alimwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Vidonge alikuwa anameza. Tatizo lilikuwa ugali.

"Achana na sembe, mama," nesi alisema. "Mahindi yakikobolewa, ganda lenye nyuzinyuzi linaondoka. Sembe inageuka sukari mara moja, inajaa kwenye damu, na insulini yako haitoshi kuiondoa. Dona, isiyokobolewa, inakwenda polepole, mwili unaimudu. Kula dona, kidogo, na mboga nyingi."

Mimi ni mtu wa aibu. Kusimama kwenye mashine ya kusaga pale Moshono na kusema wasikoboe kulinitoa jasho. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa bidhaa tena. Watu walikuwa wamechoshwa na unga wa njano wa foleni, na sasa kila nyumba ilitaka unga mweupe kama chaki.

"Hukoboi?" mwenye mashine alipaza sauti. "Dogo, mmefungua gereza huko kwenu?"

Watu wakacheka. Nikabeba unga wangu, nikaondoka.

Ugali aliopika mama ulikuwa mweupe kuliko nilivyotegemea. Nikadhani mahindi yetu ni mazuri. Tuliporudi kliniki, sukari iko palepale. Nikaenda mashine tena, nikachekwa tena. Kliniki, palepale. Nesi alinitazama kama vile nilikuwa namlisha mama keki.

Siku moja jirani alisimama kwenye zizi letu. "Huyu ng'ombe mnampa nini? Anang'aa kama amepakwa mafuta!"

Nilivyojua mimi, tulimpa majani na migomba tu. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa na chekeche mkononi. Unga mweupe unashuka kwenye sinia, pumba zinabaki juu, na ndoo ya ng'ombe iko miguuni pake.

"Mama! Hizo pumba ndizo ulizoambiwa ule!"

"Usinipigie kelele, baba. Nimeshazoea kuchekecha. Na Alhamisi jumuiya inasali hapa. Niwape wenzangu ugali wa gerezani? Watasema mwanangu ameshindwa kunilisha."

"Na kidole?"

"Kidole kiko ndani ya kiatu. Ugali uko mezani."

Mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Nilichukua chekeche nikalichana kwa kisu.

Alhamisi, baada ya sala, ugali ulitoka jikoni na rangi yake ya udongo. Akina mama wakatazamana.

"Kuna njaa tena?" mmoja akauliza.

Mama akaniangalia kwa hasira. Nikaangalia sakafu. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu, hata shuleni.

"Ni sukari," nikasema. "Asipokula huu, anakatwa kidole."

Aliyeuliza alisogea. Alipiga magoti akamvua mama kiatu, mama akilalamika muda wote. Wote wakakiona kidonda. Kisha yule mama akanawa mikono, akamega tonge la dona, akalichovya kwenye mchicha.

"Kula, mama. Na sisi tunakula."

Baada ya muda sukari ilianza kushuka, na kidonda kikaanza kufunga. Nesi alifurahi sana.

"Mmebadilisha nini nyumbani?"

"Hatujabadilisha kitu," mama alijibu, bila kunitazama. "Chekeche limeharibika."