Pua ya Mkaguzi wa Maji

Mkaguzi wa maji ni mwanamke mfupi, vidole vimekunjamana kama vya dobi, na pua yake iliwahi kunusa kijiko cha samadi kilichomwagika ng'ambo ya vilima vitatu, ikapiga chafya. Akifika shambani huusalimia mto kwanza, ndipo awasalimie wenye shamba. Hainui sauti. Huchota, hunusa, kisha huitikisa chupa sikioni kana kwamba maji yanamnong'oneza.

Mfugaji alimwapia kwamba uchafu wa zizi lake haufiki mtoni. Ukionekana unafika, sheria ingelifunga zizi na ng'ombe wote kumi na wawili wangeondoka. "Nimekuamini, kaka," mkaguzi akasema, akampa birika. "Basi kachote pale chini, mto ukishalipita zizi, tunywe chai." Mfugaji akateremka, akainama, akasita. Miguu yenyewe ikampandisha hadi juu, kabla mto haujalifikia zizi, akachota huko. Mkaguzi akanusa birika. "Mbona umetembea mbali hivyo?" Mfugaji akamtazama kama mtu aliyesomwa mpaka utumboni.

"Dada, nipe wiki mbili nilihamishe zizi."

"Moja. Na chai ya siku hiyo, maji utachota pale pale nilipokutuma."