Mkono wa Kushoto wa Wangechi

Nilimwona mwanamke akishikwa mkono na mume wake, mume analia machozi, na yule mwanamke akanigeukia mimi, mtu baki, akaniuliza: "Ameshika gani? Ya kulia ama ya kushoto?" Hakuwa kipofu. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Wala haukuwa usiku wa giza kando ya makaburi. Ulikuwa mchana, jua linawaka, sebuleni kwa watu, maua yako mezani na wageni wamekaa vitini wakisikiliza fidla.

Ukitaka kucheka, cheka kabisa, kisha utulie unisikilize. Nilizaliwa Majengo, Nyeri mjini, na miaka ile ya mwanzo ya uhuru kazi yangu ilikuwa kupeleka habari za huku mlimani kwa gazeti moja la Nairobi: mvua ya mawe, ng'ombe walioibwa, mikutano ya machifu. Nilifunzwa nisiandike nisichokiona. Hiki nilikiona, na sikukiandika, kwa sababu mhariri angenitafutia daktari.

Karibu na Naro Moru aliishi bibi mmoja wa Kizungu, mzee, ambaye jirani zake walikuwa wameuza mashamba na kwenda kwao, yeye akabaki. Jumapili moja alialika wapiga muziki wanne kutoka Nairobi, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Walikuwa na fidla mbili ndogo, moja nene kidogo, na ile kubwa inayosimama sakafuni kati ya magoti ya mpigaji, inayoitwa selo. Siku iliyotangulia walikuwa wamepiga Timau, kwa wakulima wa ngano. Huku hatukuwa wengi: Wazungu waliobaki, daktari wa Kihindi na mkewe, walimu, na afisa mpya wa kilimo aliyekuwa akiteswa na viatu vipya. Mimi nilipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mwandishi wa habari hataki kiti bora kuliko hicho. Unaona visogo vya watu wote.

Mkubwa wa wapiga muziki alisimama akatueleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba muziki huo ni wa zamani, wa watu waliopendana wakakosana njiani. "Mukitaka kulia, lieni," akasema.

"Mimi nimekuja kunywa chai," afisa wa kilimo akaninong'oneza. "Kulia nitalia na hivi viatu."

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Wangechi. Tulijuana, siku za soko alikuwa akishuka Nyeri, na tulikuwa tukinunua vitunguu kwa mama mmoja na kutaniana papo hapo. Kila mtu alijua kwamba ni mjane. Mumewe, Nderitu, alichukuliwa na askari wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, na hakurudi. Huyo Nderitu alikuwa mpigaji wa wandindi, ile fidla ya Wagikuyu yenye uzi mmoja tu. Hilo ndilo tulilolijua.

Sasa kulikuwa na mtu mwingine ndani ya sebule. Ndiye aliyeingia amebeba selo mgongoni, kama wapagazi wa Naro Moru wanavyobeba mizigo ya wapanda mlima. Aliitua polepole, akasimama ukutani karibu nami. Alikuwa mwembamba, amevaa koti refu la jeshi lililochakaa, na nyusi yake moja imekatwa na kovu. Wapiga muziki walimshukuru. Bibi mwenye nyumba alimpa mkono. Nakwambia hivyo ujue kwamba sikumwona peke yangu.

Muziki ukaanza. Mwanzoni ulikuwa wa haraka, kama watu wanaobishana kwa raha. Kisha ukaja ule wa polepole, na selo ikatoa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea peke yake baada ya wageni kuondoka. Wangechi akatokea mlangoni na sinia la vikombe, akasimama kusikiliza. Yule mbeba selo akamwona.

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Aliita, kwa sauti ndogo: "Wangechi." Hakuna jibu. Akamsogelea, akasimama mbele yake, wakawa uso kwa uso kama mimi na wewe. Wangechi akaendelea kuwatazama wapiga muziki, akiwatazama kupitia kifuani mwa yule mtu kana kwamba ni dirisha. Mtu akaita tena. Mimi nikadhani, haya, hawa wana ugomvi wao wa zamani. Si ndivyo hata wewe ungedhani?

Nikamwinamia. "Mama, huyu mzee anakuita."

"Mzee gani?"

"Huyu mbele yako."

Akatazama mbele, akatazama kushoto na kulia, akanirudia. "Wewe Mswahili, wewe ni mtu wa msikiti. Umekunywa nini leo?"

"Mwenye koti la jeshi. Mwenye kovu kwenye nyusi."

Akainama, akaliweka sinia sakafuni bila kikombe kimoja kulia. "Nyusi gani?" akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya utani.

Nilimwambia ni ya kulia. Yule mtu akaniambia, kwa Kigikuyu, ambacho nakijua tangu utotoni: "Mwambie ni mimi, Nderitu. Mwambie asiogope."

Nikamwambia. Wangechi akaushika ukingo wa mlango. "Muulize siku amekuja kwetu kuongea na baba yangu, nini ilimfukuza."

Mtu akacheka huku machozi yanamtoka. "Bata. Bata mzinga wa mama yake. Nilipanda juu ya ghala."

Nilipolifikisha hilo neno, Wangechi alijifunika uso kwa aproni. Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia akageuka akatukemea, "Shhh!" na muziki ukaendelea. Wapiga fidla wale hawakujua kwamba nyuma ya visogo vya wageni wao nilikuwa nikipitisha maneno kati ya mke na mume waliosimama hatua moja.

Alinieleza Nderitu mwenyewe, nami nikamweleza mkewe, hivi. Alipelekwa kizuizini mbali sana, akahamishwa kambi hadi kambi. Alipoachiliwa alirudi nyumbani kwa miguu. Mbwa wao alimkimbilia, akamrukia kwa furaha. Lakini watu walimshangaa mbwa. Aliwasalimia, hawakuitikia. Aliingia nyumbani kwake, akakaa kwenye kigoda chake, binti yake akaja akataka kukikalia, ikabidi aondoke. Alikaa siku kadhaa akiomba, akipiga kelele, akilia. Mwishowe akaenda. Huko Timau, kwa watu wasiomjua, alionekana kama mtu yeyote. Akapewa kazi ya shamba, akala, akazeeka. Wapiga muziki walipotaka mtu wa kubeba ile selo, alijitolea kwa sababu alikuwa ameisikia ikipigwa. Hakujua wanaelekea wapi, wala kwamba mkewe anapika katika nyumba hiyo.

Wangechi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja tu: "Mgomba."

Ni lazima nikueleze. Walipokaa sana bila habari ya Nderitu, wazee wa ukoo walisema haifai mtu kubaki hewani, si kwa walio hai, si kwa waliokufa. Wakakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wakalifunga kwa blanketi lake, wakalizika badala yake. Kila mtu wa nyumbani na kila jirani akatupa udongo kwa mkono wake. Wangechi ndiye aliyelifunga lile shina, na juu yake akaifungia wandindi ya mumewe, asije akakaa kimya huko aendako. Walifanya kwa upendo. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu wao yuko hai, anakula uji wa kambi.

"Kila mtu alimwaga udongo," Wangechi akasema. "Hata mtoto. Hata mimi." Akanyoosha mikono yote miwili hewani, kama mtu anayepapasa gizani. "Aniguse."

Nderitu akaushika mkono mmoja kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni.

"Amekushika," nikasema.

Hapo ndipo aliponiuliza ni upi, wa kulia ama wa kushoto.

Nikamwambia wa kushoto. Akautazama sana ule mkono. Akaufunga ngumi. Muziki ulipoisha na watu wakapiga makofi, aliwagawia chai wote kwa mkono wa kulia peke yake, kikombe kimoja kimoja, na ule wa kushoto ameubana kifuani. Afisa wa kilimo alimwuliza, "Mama, umeumia mkono?" Akamjibu, "Hapana. Niko na kitu."

Nderitu hakutaka afuatwe. "Mwambie abaki. Akinifuata atakuwa anamfuata nani?" Akabeba selo, akaenda na wenzake. Nilimkimbilia dereva wao nikamwuliza kuhusu mtu yule. "Nderitu?" akasema. "Tumemtoa Timau. Mtu mpole, ana shida gani?"

Wiki hiyo hiyo nilikwenda na Wangechi kwa ajuza mmoja wa ukoo wao, upande wa Kiganjo. Yule ajuza hakushangaa hata kidogo. Alisema kilichowekwa kwa mkono hutolewa kwa mkono ule ule. Mgomba umeoza, lakini wandindi ni mti mkavu, haiozi haraka. Wangechi ndiye aliyeifunga. Aitoe yeye, asisaidiwe na mtu, na macho yatafunguka.

Rahisi, sivyo? Nami nilidhani ni rahisi. Tukaenda kwa Kanyi, kaka yake Nderitu, aliyechimba lile kaburi. Akatuongoza mpaka boma lao la zamani, bonde la chini ya mji. Akasimama akiegemea fimbo, akatazama, akatazama tena.

Mzikumbuke zile siku. Baada ya ule mgomba kuzikwa, serikali iliwahamisha watu wote wakaishi vijijini kwa mstari, nyumba za zamani zikabomolewa. Kisha mashamba yakakusanywa na kupimwa upya. Mtu aliyekuwa na vipande huku na huku akapewa kipande kimoja kwingine. Boma la kina Nderitu likaangukia kwa mtu wa ukoo mwingine kabisa. Aling'oa ua, akakata miti, akachonga matuta, akapanda kahawa kutoka juu hadi mtoni. Palikuwa pamebaki kilima kilichochanwa kama nywele.

"Ilikuwa kando ya mti wa muiri," Kanyi akasema.

"Mti iko wapi?" Wangechi akamwuliza.

Kanyi akaonyesha kwa fimbo hapa. Kisha pale. Kisha akakaa chini kwenye tuta, mzee mzima, akalia. "Shemeji, nisamehe. Nilimzika vizuri sana."

Mwenye shamba si mtu mbaya. Alimwacha Wangechi achimbe mahali kadhaa, mpaka alipoona mizizi ya kahawa yake juani, akamfukuza. Ndipo Wangechi akaacha kazi ya jikoni kule Naro Moru, akaenda akajiandikisha kwa mtu yule yule kuwa kibarua wa kupalilia.

Yupo mpaka sasa. Wanawake wenzake wanapalilia juu juu, kama kahawa inavyotaka. Yeye jembe lake linazama mpaka kwenye mpini, kisha anapapasa udongo kwa vidole, anaufukia, anasogea. Wenzake wanamcheka: "Mama, unapanda viazi?" Naye Nderitu ameacha kazi Timau. Nikipita barabarani namwona amekaa juu ya tuta, koti lake mabegani, anamtazama mkewe mchana kutwa. Kwa wale vibarua waliotoka mbali ni mzee fulani tu asiye na kazi, na wanamsalimia.

Siku moja nilimkasirikia. Nikamwuliza, kwa nini hanionyeshi mahali lilipo kaburi, nami nimpelekee Wangechi neno? Alinitazama kama niliyemtukana. "Nitajuaje nilipozikwa?" akasema. "Mimi sikuwepo."

Basi ninyi wenye mtu aliyepotea, lieni, ombeni, wekeni jina lake midomoni. Lakini kama hamkuuona mwili, msishike udongo, hata akiwaambia mzee wa namna gani. Mimi sijashika, na nimekataa mazishi mengi kwa sababu hiyo, hata ya watu wangu, wakaninunia.

Shamba lile lina mistari mingi. Mara ya mwisho nilipopita, mvua ilikuwa inaanza, wenzake wamekimbilia kibandani, na Wangechi alikuwa peke yake katika mistari ya chini, karibu na mto, ameingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko. Nderitu alikuwa ameinama juu ya shimo lile lile, upande wa pili. Sikuona kama Wangechi alitoa kitu.