Alama ya Mzinga Ubavuni mwa Boti

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nimesimama mbele ya meza ya karani mjini Embu, kofia mkononi, naulizwa boti yangu ni ya nini. Nimeikumbuka tena wiki hii niliposikia umepata kazi ya ofisi na umekabidhiwa muhuri. Nimefurahi, kweli. Lakini damu imenichemka kidogo pia, na hilo si kosa lako. Keti nikueleze, maana sitaki uwe karani kama yule.

Wakati huo nilikuwa seremala, karakana yangu iko nyuma ya nyumba za Dallas, mtaa wa hapo hapo Embu mjini. Baba yangu, babu yako unayemjua kwa picha tu, aliishi kwetu Kiambere. Alikuwa mfugaji wa mbuzi na mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga ya kilima kinachotazamana na boma letu, na katikati palikuwa na bonde tu, la kuvuka kwa miguu. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji yalipanda yakalijaza bonde lile, kilima kikabaki ng'ambo. Kuzunguka kwa nchi kavu kukawa safari ya kutwa nzima, na magoti ya Baba yalikuwa yameshamgomea. Siku moja aliniambia angependa kuiona mizinga yake tena kabla macho hayajamwisha, kwa sababu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakuniomba kitu kingine.

Basi nikaunda boti. Ndogo, ya mbao, watu wanne wakikaa imejaa. Na kwa kuwa upepo wa pale ziwani si mchezo, na viboko nao wapo, nikaitafutia injini ndogo ya kufunga nyuma, kuukuu lakini nzima, ili mzee avuke upesi na arudi upesi. Majirani wa Dallas walinicheka mpaka wakaniita Nuhu. Niliwaacha wacheke, nikaipakia kwenye lori hadi bomani kwa Baba.

Aliyenitahadharisha ni askari wa kulinda bwawa. "Fundi, boti ya injini lazima iwe na namba," aliniambia. "Bila namba nitakushika, hata kama nakujua." Sikukasirika. Injini inaweza kuua mtu, na serikali ikitaka kujua nani ana chombo gani, ni haki yake. Nikavaa shati la kanisani nikaenda ofisini.

"Hii boti ni ya kuvua samaki?" karani aliuliza bila kuinua uso.

"Hapana. Mimi sivui."

"Ni ya kubeba abiria?"

"Hapana. Ni yetu tu ya nyumbani. Ya kutembea kwa maji."

Hapo akainua uso. "Ya kutembea? Kwani wewe ni mtalii?" Akacheka, na mwenzake wa meza ya pili naye akacheka. "Hiyo haiko, fundi. Hapa iko ya samaki na ya abiria. Ya kujifurahisha, uliza watu wa pwani."

Nikaandikia hao watu wa pwani, ofisi ya vyombo vya majini. Jibu lilikuja mvua za msimu zikiwa zimeshapita: boti ikaguliwe kwanza, tena ikaguliwe ikiwa inaelea. Nikamrudia karani nikiwa na furaha, nikamwomba aje Kiambere aikague.

"Boti haina namba haiwezi kuingia kwa maji," akasema. "Ukiiingiza, hayo ni makosa."

"Na namba nitapata lini?"

"Ikishakaguliwa."

"Ikaguliwe wapi?"

"Si ni kwa maji?"

Mwanangu, nilimtazama nikidhani ananitania. Wapi! Alikuwa amesema maneno mawili yanayouana, hakuona lolote, akachukua kikombe chake cha chai. Nani aliketi akatunga sheria namna hiyo? Amewahi kuona maji, au huyaona kwenye glasi tu? Nilimwuliza kwa sauti kama anataka boti yangu ielee juu ya meza yake, na nikatolewa nje nimeshikwa mkono.

Sikukoma. Nikarudi, nikarudi tena. Meza moja ilitaka risiti ya kununulia boti ambayo nimeiranda mbao zake mwenyewe. Nyingine ilitaka cheti cha unahodha, kwa safari ya kuvuka bonde la mbuzi! Wateja walioagiza makabati na viti niliwaacha wakinitafuta karakanani. Na muda wote huo boti ililala juani bomani kwa Baba, mbao zikianza kuachana, na ukungu wa macho yake ukizidi kuwa mzito.

Jumamosi moja nilifika nyumbani nikitukana ofisi nzima. Nikaapa nitaibeba boti kwa lori niimwage mlangoni pao. Baba alinisikiliza mpaka pumzi ikaniisha, kisha akasema kwa Kimbeere chake cha polepole:

"Umemaliza? Wewe unatafuta namba. Mimi natafuta mizinga yangu. Hasira yako imeshika njia nyingine, imeniacha hapa."

Nikaketi kando yake.

"Wamekataza nini hasa?" akauliza.

"Boti yenye injini, Baba."

"Basi ifungue injini uiache hapa."

Nikamwambia ni hatari, upepo ukitukuta katikati tutafanyaje? Akasema anajua, tena kuliko wao, na kwamba tutavuka asubuhi. Kisha akaagiza chuma chake kitiwe motoni. Kwetu mzinga hautundikwi mtini kabla haujachomwa alama ya mwenyewe. Ukishachomwa, unaweza kuuacha huko miaka na hakuna atakayeugusa. Akaipapasa boti ubavuni, akaichoma alama yake ile ile.

"Mimi sikatai alama," alisema. "Nimezitia maisha yangu yote. Lakini mzinga ukishatiwa alama hutundikwa, haufungiwi nyumbani."

Nikaziba nyufa, na asubuhi tukavuka, mimi na binamu yangu tukipiga makasia, Baba katikati. Askari alishuka hadi ukingoni, akatazama nyuma hakuona injini, akatazama ubavuni akaiona alama. Naye ni mtu wa huko huko. "Pitieni," akasema. "Ila mrudi kabla ya upepo, tafadhali."

Mizinga ilikuwepo. Hakuna aliyeigusa, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Mmoja mtupu ulikuwa umelegea kamba, ukashuka usawa wa kifua. Nikamwongoza Baba hadi pale, nikangoja auone. Akausogezea uso, akausogeza tena. Kisha akainua mkono, akaitafuta alama kwa kidole, akaifuata pole pole mwanzo hadi mwisho.

"Ni wangu," akasema.

Mwanangu, alitaka kuiona. Macho yalimwishia akiwa bado anasubiri namba. Niligeuka nikalia, na sikulia kwa huzuni peke yake.

Tukarudi, na upepo ukatukuta katikati, mapema kuliko tulivyotarajia. Maji yakaingia, binamu yangu akipiga kasia mimi nikiyachota kwa sufuria na kuyamwaga nje, mzee kipofu amelowa hadi kiunoni anaomba Mungu kimya. Injini ya kumtoa pale ilikuwa imelala jikoni, kwa ajili ya usalama wetu! Tulifika kwa neema tu. Namba ile sijaipata hadi leo.

Sasa nakwambia nilichokuitia. Mtu akisimama mbele ya meza yako, umwulize anakwenda wapi na anamvusha nani. Mimi sikuulizwa na yeyote. Sheria ikijifunga yenyewe, usimrudishie mwananchi mzigo wa kuifungua. Inuka wewe, ubishane na wakubwa wako, ndiyo kazi unayolipwa. Na siku utakayokuwa upande huu wa meza, kasirika, una haki. Lakini hasira isikusahaulishe mtu anayekungoja nyumbani.

Siku ile, tukiwa bado tumelowa, Baba alinitemea mate ya baraka kifuani, kama wazee wa kwetu wafanyavyo. Nami nakutemea wewe baraka hiyo. Mungu akupe mkono mwepesi wa kupiga muhuri, masikio ya kusikia hadi mwisho, na macho yako yakae nawe mpaka uone yote unayoyatamani.