Mtu Aliyeharakisha Watu kwa Salamu

Ogeto wa Nyasani aliajiriwa kuwaharakisha watu, na sijaona mtu mwingine katika Kisii yote aliyekuwa hana haraka kama yeye.

Klabu ile ya gofu ina mashimo tisa tu, iko mgongoni mwa kilima, upande wa juu wa Nyakoe. Mimi nilikata nyasi zake tangu enzi za mashine ya kusukuma kwa mikono hadi walipoleta trekta na kuniambia nikapumzike. Ogeto alianza akiwa kedi, akiwabebea wachezaji mikoba ya fimbo, kisha mgongo ulipoanza kumsumbua akafanywa msimamizi wa mwendo. Kazi hiyo si ngumu kuieleza. Wachezaji huingia uwanjani kwa makundi, moja nyuma ya jingine. Kundi moja likikokota miguu, yote yaliyo nyuma hukwama, watu wakasimama juani wakinung'unika. Msimamizi huliendea kundi linalochelewa na kulitaka liongeze mwendo, au lisimame kando liwapishe wengine.

Ogeto alikuwa na namna yake. Hakuwajia watu kutoka nyuma kama askari. Alizunguka ukingoni mwa uwanja hadi akatokea mbele yao, wamwone anavyokuja, kofia mkononi. Akifika, alisalimu. Bwakire, umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mama je, yule mtoto aliyekuwa na homa je, mvua imewafikia huko Kebirigo au bado? Alisalimu mmoja mmoja, kama inavyotakiwa kwetu, na gofu hakuitaja kabisa. Mgeni angedhani anaongeza kuchelewa, na kweli mwanzoni aliongeza. Lakini mtu akisimama kuulizwa habari za mama yake, macho hayatulii. Yatatembea, yafike nyuma, yaone watu wengine wanne wameegemea fimbo zao. Ndipo mchezaji husema mwenyewe, "Aa, Ogeto, kumbe kuna watu. Waacheni wapite." Na wale wanaopita nao walisalimu. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeaibishwa, na chai ya mchana ilinyweka kwa wakati. Nimeyaona haya kwa macho yangu miaka mingi, kwa hiyo asije mtu kuniambia hayakufaa.

Mchezaji ambaye Ogeto alimpenda kuliko wote alikuwa Ishwar, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Ishwar alizaliwa mjini Kisii, ghorofani juu ya duka hilo hilo la baba yake, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha wajukuu wetu. Ogeto alimbebea mkoba tangu Ishwar akiwa kijana wa nywele nyeusi hadi akawa mzee asiye na nywele. Kwa umri Ishwar alikuwa sawa na baba zake Ogeto wadogo, na Ogeto alimwita omogaka, mzee, kwa heshima ile ile.

Siku hizo uwanja ulipakana na shamba la chai kuanzia shimo la tano hadi la saba. Ishwar hakuwa mchezaji hodari. Mipira yake ilipenda chai. Lakini wachumaji walikuwamo humo wamezama hadi kiunoni, na Nyamoita, mwenye sauti kuliko wote, alisimama na kikapu chake mgongoni akapaza:

"Ishwar! Leo unapiga gofu au unafukuza kuku? Mpira wako huu hapa mguuni pangu!"

"Usiukanyage, mama! Huo ni mke wangu wa pili!"

"Nitamwambia mkeo Jashoda!"

"Anajua! Ndiye aliyenitolea mahari!"

Mteremko mzima ulicheka. Mpira ulirudi, mchezo ukaendelea, na hakuna aliyechelewa.

Chai hiyo imeng'olewa. Mwenye shamba alipokufa, wanawe waligawana ardhi vipande vipande wakajenga nyumba za kupanga, mabati kwa mabati, hadi kwenye ua wa klabu. Mpira ukiingia huko umeingia mtaroni, na mtu akichungulia dirishani ni kukuuliza unatafuta nini kwake. Macho ya Ishwar nayo yakafifia. Goti likakaza. Kisha Jashoda, mkewe, akafariki, na baada ya hapo mzee yule hakubakiwa na kitu cha kumtoa nyumbani isipokuwa mashimo yale tisa siku ya Jumamosi.

Na alichelewa, sikatai. Kila mpira uliopotea aliutafuta, akichokoachokoa upupu wa ukingoni kwa fimbo. Mkoba ulijaa mipira mipya ambayo mwanawe Vivek alimnunulia ili asitafute. Hakuitaka. Alitaka ule alioupiga.

Mwaka jana klabu ilipata kapteni mpya, Anyona, mkandarasi wa barabara. Ni mtu wa mbio. Hata akila anasimama. Alimwita Ogeto barazani mbele ya wenzake.

"Mzee Ogeto, hapa tunacheza gofu, hatupeleki mahari."

Wenzake wakacheka. Ogeto naye akacheka, kwa adabu.

"Kuanzia Jumamosi hizo salamu zimekwisha," Anyona akasema. "Kundi likichelewa unainua kadi hii ya manjano. Likirudia, nyekundu, na wanatoka uwanjani. Kama mpira wa miguu tu."

"Hata mtu mzima?"

"Uwanja haujui mtu mzima, buda."

"Mimi namjua."

"Basi chagua. Huyo Ishwar wako akituchelewesha tena na sijaona kadi juu, Jumatatu usije."

Jioni ile nilimkuta njiani tukarudi pamoja, maana boma zetu zinatazamana. Ogeto alikuwa amezitia kadi zile katika mfuko wa shati na kila hatua aliugusa mfuko kana kwamba mna kitu cha moto. Mkewe Bochaberi alipozitoa ili afue shati, aliuliza kama ni za kanisa. Kazi aliihitaji, lakini si kazi iliyomkosesha usingizi. Alichokiona ni Ishwar amesimama katikati ya uwanja, amenyooshewa kadi nyekundu kama mtoto aliyemrushia mwenzake teke, na watu wote wakitazama. Kwetu mtu mzima haaibishwi mbele ya watu. Hata akikosa, anavutwa pembeni, anazungukwa kwa maneno hadi ajionee mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, sisi tuliobahatika kulelewa.

Akapata shauri. Ishwar aanze wa mwisho, baada ya makundi yote. Anayekuwa wa mwisho hamcheleweshi mtu. Kadi zibaki mfukoni, Anyona akae na haraka yake, na mzee acheze bila kujua kwamba nusura afukuzwe.

Jumamosi Ogeto alimwendea Ishwar barazani, kofia mkononi, akaanza kusalimu.

Ishwar alimsikiliza kwa muda. "Ogeto," akasema, "umeuliza habari za Vivek mara mbili. Umeuliza habari za ng'ombe, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na ng'ombe. Nani amekutuma?"

"Hakuna, omogaka."

"Mm."

"Nimeona tu leo watu ni wengi. Ukianza wa mwisho, hakuna atakayekupumulia kisogoni."

Ishwar aliwatazama Anyona na wenzake waliokuwa wanajinyoosha. "Wa mwisho. Haya. Dukani nako Vivek ameniwekea kiti nyuma, anasema hesabu zimehamia kwenye kompyuta." Kisha akatabasamu. "Utanibebea wewe?"

"Nitakubebea."

Sasa kila mtoto wa Kisii anajua siku zetu zilivyo. Asubuhi jua, watu wanaanika nguo. Mchana wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, na kabla ya jioni nguo zimeanuliwa, maana mvua imefika. Ndiyo sababu tangu zamani wazee walipewa asubuhi uwanjani. Ogeto alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini siku hiyo mawazo yake yote yalikuwa kwenye aibu. Mvua hakuikumbuka.

Wakaanza wakati wengine wameshakula. Ogeto aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemwona Ishwar na furaha ile tangu Jashoda afe. Hakuna mtu nyuma. Alitafuta mipira yake kadiri alivyotaka. Alipiga mluzi. Kwenye shimo la sita alisimama akauelekea mtaa ule wa mabati, akasema kwa Ekegusii, "Nyamoita, uko wapi, nimeupiga vibaya tena," na wote wawili wakacheka, ingawa Nyamoita alikwisha kufa.

Wingu likaja. Ogeto akasema warudi.

"Mpira wangu uko hapo tu," Ishwar akasema, "hapo chini."

Mvua ilikuja pamoja na yale mawe yake yanayochana majani ya chai. Mteremko wa shimo la saba ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Ishwar aliteleza, akaangukia nyonga, hakuinuka tena. Ogeto na mgongo wake hakuweza kumbeba. Alivua koti akamfunika, akapiga magoti juu yake ili mawe yampige yeye, akaita. Aliita kuelekea nyumba zile. Ziko karibu kiasi kwamba siku ya kiangazi unasikia mtu akikohoa ndani. Lakini mawe yalinguruma juu ya mabati, televisheni zilikuwa zimefunguliwa, na hakuna aliyesikia. Ningependa mtu anitajie ni siku gani mahali pale, enzi za chai, mtu aliita asisikiwe. Mvua ilipopungua mpangaji mmoja alitoka kumwaga maji, akawaona.

Hospitalini Vivek hakumfokea. Ingekuwa nafuu. Alimuuliza tu, kwa upole, "Mzee, wewe ni wa hapa. Unaijua mvua ya hapa. Kwa nini ulimwacha aanze mchana?"

Ogeto angemwambia nini kijana yule? Jumatatu alizirudisha kadi klabuni, akaziweka juu ya meza, akatoka.

Siku chache baadaye alikwenda kumwona Ishwar, na nilimsindikiza. Mzee alikuwa amepungua kitandani kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ogeto alianza kusalimu, Ishwar akainua mkono.

"Leo usinizungushe. Niliziona kadi mfukoni mwako. Nyekundu ilikuwa yangu?"

Ogeto akaitika kwa kichwa.

"Ungeiinua. Ningekutukana mbele yao wote, ningekasirika hadi Diwali, halafu ningerudi."

"Ningewezaje, omogaka?"

"Najua hukuweza." Aligeuzia uso ukutani. "Lakini ulinificha. Maisha yetu yote hukuwahi kunificha kitu, Ogeto. Hata mpira ulipokuwa ndani ya maji uliniambia uko ndani ya maji."

Muuguzi akaja akasema muda umekwisha. Ishwar alikuwa amefumba macho. Hatukujua kama amelala au ametuaga kwa njia hiyo.

Wakampeleka Nairobi kwa binti yake, Shreya. Ogeto alisubiri habari. Kila alipokutana na mtu anayetoka mjini alimuuliza kama duka limefunguliwa, akijibiwa kwamba limefunguliwa alirudi nyumbani ametulia. Kwetu mtu akifa mlango hufungwa, watu hukaa nje siku nyingi. Hakujua kwamba wenzetu nao wana siku zao za kufunga na kufungua, na kwamba alikuwa ameuliza zilipokwisha pita.

Aligundua alipokwenda mwenyewe. Ukutani juu ya kaunta palikuwa na picha ya Ishwar imevishwa taji la maua. Vivek alitoka nyuma ya kaunta akamshika mikono yote miwili.

"Samahani, mzee. Hatukuwa na namba yako. Sikujua nimuulize nani."

"Amelala wapi?" Ogeto akauliza. "Nije nimwone."

Vivek alisita. "Sisi huchoma, mzee. Majivu tuliyapeleka Kisumu, tukayamwaga ziwani."

Ogeto ni mtu ambaye baba yake amelala mbele ya nyumba, babu yake nyuma ya migomba, na mahali pake mwenyewe amekwisha kuwaonyesha wanawe. Alisimama akilifikiria hilo.

"Ziwa lote?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mtu akitaka kumwomba msamaha, asimame upande gani?"

Wateja walikuwa wamejaa, mmoja anataka misumari, mwingine anapaza sauti kuhusu saruji. Vivek hakuwageukia. Alimtazama Ogeto kwa muda mrefu, macho yamelowa.

"Sijui, mzee," akasema. "Hata mimi sijui."