Kipande cha Arobaini na Moja

Usiku kucha Mama Cherehani hakufumba jicho. Jioni binti yake alipiga simu, sauti imemkauka: "Mama, banda la muziki limekataa kuungana juu. Bosi anasema hesabu zangu mbovu. Asubuhi nisaini kwamba kosa ni langu." Kisha simu ikazimika.

Kusaini ni kufukuzwa. Na miezi minne binti alikodolea kompyuta mpaka macho yakawa mekundu, akipanga vipande mia mbili vya mbao vijikunje kama ganda la konokono, wanamuziki wapige chini yake wiki moja tu, kisha livunjwe. Kila kipande na namba yake. "Hakuna viwili vinavyolingana, mama. Ukikosea kimoja, vyote vinagombana." Mama alielewa. Ameshona mashati maisha yake yote. Anajua mkono wa kulia hauvaliki kushoto.

Alfajiri akafika uwanjani banda lilipokuwa likijengwa. Upande wa kulia wa banda ulisimama vizuri. Wa kushoto ulibenuka kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Vipande vilivyobaki vilirundikwa chini, kingo zimelingana kama karata.

Zimelinganaje?

Akachukua cha arobaini na moja na cha arobaini na mbili, akavilaza kimoja juu ya kingine. Sawasawa.

"Fundi, hivi mmevikata kwa kipimo gani?" akamuuliza seremala aliyekuwa karibu na rundo.

Seremala akacheka. "Mama yangu, mashine ya kukatia iliharibika tulipomaliza upande wa kulia. Tukachukua kimoja, tukachorea vingine. Ndivyo tunavyokata siku zote. Tofauti yenyewe upana wa kidole, nani ataona?"

"Paa limeona. Bosi wako anajua?"

Seremala akatazama viatu vyake. "Ndiye aliyesema tuharakishe."

"Kumbe. Nyani haoni kundule, analiona la mwanangu."

Akavitia vipande viwili kwapani, akaelekea ofisini, chumba cha mabati pembeni mwa uwanja. Mlinzi akanyoosha mkono. "Mama, kuna kikao."

"Kikao gani, mmoja anafoka na mwingine analia? Nipishe, baba."

Akagonga mlango kwa ubao. Akagonga tena, mpaka rangi ikabanduka.

Kitasa kikazunguka. Aliyefungua ni binti mwenyewe, kalamu mkononi; nyuma yake, mezani, karatasi ilikuwa bado tupu pale pa saini.

Mama hakumpa pole. Alimpa mbao.

"Pima," akasema. "Na huyo bosi wako akiwa anaangalia."