Maziwa ya Mektrida

Tangu mumewe Filemon azikwe mgombani, Mektrida hakupokea kitu kutoka kwa shemeji yake Elimringi bila kukigeuzageuza kwanza. Siku ya kumaliza matanga Elimringi aliwaswaga ng'ombe wote wawili wa marehemu, akidai ni mali ya ukoo. Mmoja akamrudishia baadaye, lakini wa kumfugia tu. Kwao Masama, Uchaggani, desturi hiyo inajulikana: mfugaji huchukua maziwa na mbolea, mwenye ng'ombe huchukua ndama. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlea mwanawe Denis, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka hata watu wakang'oa mibuni.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, Mwalimu Dominika, akaita wazazi darasani. Akawaeleza kwamba watoto wanahitaji kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Shule ingewapikia mboga ya mnafu na dagaa wa kutafunwa pamoja na vichwa vyao, na darasa la kwanza wangepata kikombe cha maziwa kila asubuhi. Mzee mmoja akauliza ni lini Mchagga alianza kula wadudu wa ziwani. Watu wakacheka. Mektrida alikuwa akimtazama Elimringi, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekaa kimya mno kwa mtu anayependa kusikika.

Mara Elimringi akasimama, akatangaza kwamba ng'ombe wake aliye kwa shemeji yake atawanywesha watoto maziwa ya asubuhi. Makofi yakapigwa.

Mektrida akauona mtego. Leo ya asubuhi, kesho ya jioni, na mwisho hakuna atakayekumbuka kwamba mfugaji alikuwa na haki. Na anayeshuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani ni yeye.

"Shemeji, ng'ombe ni wako," akasema. "Maziwa ni ya nani?"

"Mama Denis, unawanyima watoto?"

"Sijamnyima mtu. Nauliza ni ya nani. Sema wakusikie."

Wanawake waliofuga ng'ombe wa watu hawakuwa wachache mle ndani, na wote walikuwa wamegeuza shingo. Elimringi akawatazama, akakumbuka kwamba ndio waliomchagua.

"Ya mfugaji," akasema, kisha akatabasamu.

Tabasamu lile likamtia Mektrida wasiwasi kuliko ubishi. Aliyeshindwa hatabasamu hivyo. Mtoto mmoja tu akiumwa tumbo, jina litakalotajwa ni la nani?

Basi akawaambia kwamba maziwa atayatoa, kwa kuwa ni yake kuyatoa. Ila atayachemsha mwenyewe jikoni pa shule, atayamimina mwenyewe, na kikombe cha kwanza atakinywa mwenyekiti.

Asubuhi iliyofuata Elimringi alipewa kikombe mbele ya darasa zima. Akanywa taratibu, macho yake yakiwa juu ya shemeji yake. Mektrida naye hakumwondolea macho mpaka alipomeza funda la mwisho. Ndipo akawaambia watoto wajipange.