Basi la Wasichana wa Ng'ambo ya Wadi

Nimefanya kazi ya serikali Ibra, huku Omani, kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa Unguja, na bado wapo watu sokoni wakiniona husema, "Yule Zinjibari wa ofisini." Siku hizi sikasiriki. Zamani nilikuwa nakasirika sana, na hasira ile ndiyo iliyonitia katika mambo haya.

Ofisi yetu ya wilaya haikuwa na fedha zake yenyewe. Kila kitu kilitoka Maskati kwa mafungu: fungu la malori ya maji, fungu la kufagia soko, fungu la kuzibua falaji, yaani mifereji ya maji ya mashamba, na fungu la kuwapeleka wasichana skuli. Kila fungu lilikuja na masharti yake, na masharti hayo hayakukaa mwaka bila ya kugeuka. Mwaka mmoja tuliambiwa fedha isiyotumika itarudishwa, tukakimbilia kununua nguzo za taa na kuzisimamisha mahali ambapo umeme haujafika, watu wakawa wanafungia mbuzi. Mwaka uliofuata tukaulizwa kwa ukali kwa nini hatukubakisha kitu. Falaji nazo, kwanza wenye mashamba waliruhusiwa kulipwa wakachimbua wenyewe kama walivyofanya baba zao, kisha ikaja amri kwamba kazi hiyo ni ya kampuni iliyosajiliwa tu. Kampuni ikaja na mtambo mpana kuliko mfereji. Ofisini tulicheka, tukanywa kahawa, tukaandika majibu. Mbele ya wenye mashamba hatukucheka.

Dada yangu alikaa ng'ambo ya wadi, yaani mto mkavu unaojaa wakati wa mvua tu, katika kitongoji chenye nyumba nyingi za watu waliorudi kutoka Unguja na Pemba. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mumewe alikuwa na kazi Maskati, akirudi mwisho wa wiki tu, na dada Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na cha sala, basi. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa ulimi wake. Dada akenda hospitali, binti yuko pembeni akimweleza daktari. Akenda kununua kitambaa, binti ndiye anayeteta bei, na kwa Kiarabu kile cha vitabuni alichofunzwa skuli, mpaka wenye maduka wakawa wanacheka na kumpunguzia. Mama yake alimtazama kwa fahari ambayo hakujitahidi hata kidogo kuificha.

Skuli ya wasichana ilikuwa upande wa pili, karibu na soko. Wavulana walikwenda kwa miguu, wakichezea mawe njiani. Wasichana walipelekwa na basi dogo la mwenyeji mmoja aliyelipwa na ofisi yetu kutoka katika lile fungu. Basi likipita kwenye milango asubuhi likipiga honi, na akina mama walitoka na kanga zao kichwani kuhakikisha kila mmoja amepanda.

Ilipofika katikati ya miaka ya themanini bei ya mafuta ikaanguka, na Maskati wakaanza kubana. Sharti jipya la fungu la usafiri lilikuwa hili: basi litalipwa kwa kitongoji kilicho mbali na skuli kupita masafa fulani, na masafa yapimwe kwa njia ya kawaida. Mkuu wetu wa ofisi, mtu wa Ibra asili na asili, alisoma akakuna ndevu.

"Ya akhi," akaniambia kwa Kiarabu, "njia ya kawaida ndiyo ipi? Hawa wameangalia ramani tu. Wewe unavijua vitongoji vile, chukua gari ukapime, utakachoandika ndicho nitakachopeleka."

Kwenda ng'ambo kulikuwa na njia mbili. Moja ilizunguka nyuma ya mitende, ikapanda kilima, ikateremka kwenye barabara kuu. Hiyo ndiyo iliyopitwa na basi. Nyingine ilikata moja kwa moja ndani ya wadi, juu ya kokoto, na watu wenye haraka waliipita wakati hakuna maji. Malori ya mchanga nayo yalipita humo humo. Nilizipima zote mbili kwa mita ya gari. Kwa ile ya mitende, basi linabaki. Kwa ile ya wadi, basi linaondoka.

Nilirudi ofisini nikiwa nimekwisha kuamua kuandika ya mitende. Nilikuwa na kila sababu, basi lenyewe lilipita huko. Mwenzangu mmoja wa meza ya pili akaniona naingia na vumbi langu, akacheka. "Bila ya shaka umepima njia ndefu," akasema. "Si kwenu kule? Nyinyi Wazinjibari mnajuana."

Alikuwa akitania. Kila siku tukitaniana, na mimi nilijua kurudisha. Lakini siku ile damu ilinipanda. Miaka yote nilikuwa nikijichunga: sisemi Kiswahili ofisini hata na Mzinjibari mwenzangu, sikai nao pamoja wakati wa kahawa, ndugu yangu akija na shida yake namsubirisha kuliko mtu mwingine. Nilitaka wakiri kuwa mimi ni mtu wa haki. Nikakaa, nikaandika njia ya wadi. Nikampelekea mkuu karatasi mbele ya yule mwenzangu ili aone.

Mkuu aliitazama, akanitazama. "Una hakika?" akauliza. Nikasema ninayo.

Basi likaacha kuja. Maskati wakatusifu kwa kubana matumizi, na mkuu akanisomea sifa hizo mbele ya wote, yule mwenzangu akiwa wa kwanza kunipa mkono. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko kuandika kwenyewe, ile furaha.

Wasichana wadogo walianza kupita wadi kwa makundi. Wakubwa ndio waliobaki nyumbani mmoja mmoja. Baba gani atamwachia binti yake apite baina ya malori na kisha akatokeze katikati ya soko la wanaume? Wadi iliposhuka na maji wakati wa mvua, hata wale wadogo walikaa siku nyingi bila ya kwenda.

Nilikwenda kwa dada na suluhisho langu mfukoni. Nilikuwa na gari yangu. Nikamwambia nitampitia binti kila asubuhi na kumrudisha adhuhuri.

Dada alikuwa akipika mikate ya kumimina, akanisikiliza bila ya kugeuka.

"Na wenzake?" akauliza.

"Gari ni ndogo, dada. Wenzake hawatoshi."

"Sasa nimpandishe wangu peke yake, na mama zao wamesimama milangoni wananitazama? Na wote wanajua ni ndugu yangu aliyewaondolea basi?" Akaipindua mikate. "Wallahi siwezi. Weye umeona haki yako ofisini, na mie nina yangu hapa."

"Ningeandika vingine wangesema nawapendelea watu wangu."

"Wangesema," akakubali. "Kisha?"

Binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akasubiri tumalize ndipo aingie. "Shikamoo mjomba," akasema, akanimiminia chai. Nikamwitikia marahaba, nikainywa chai ikiwa ya moto mno, ili niondoke upesi.

Nilimrudia mkuu nikamwomba tuandike upya. Alinijibu kwa upole kuwa karatasi imekwisha kufika, imepigwa muhuri, na tukiibadilisha sasa watauliza kipimo cha kwanza kilikuwa uongo au cha pili ndicho uongo. Nikainua mabega. Ningeweza kwenda Maskati mwenyewe. Sikwenda.

Baada ya miaka miwili sharti likabadilika tena. Safari hii hawakutaka masafa. Walitaka idadi: kitongoji chenye wasichana wa kutosha walioandikishwa skuli kitalipiwa basi, kisichokuwa nao hakilipiwi. Mtu aliyelitunga hakuwa mjinga, kwao huenda lilikuwa na maana. Lakini sisi tulikuwa tumewapoteza wasichana kwa sababu ya kukosa basi, na sasa tunalikosa basi kwa sababu ya kukosa wasichana. Nilizunguka nyumba zote za ng'ambo, nyumba nyingine mara mbili, nikiwabembeleza akina baba ambao zamani nilikuwa nawasubirisha kwenye benchi. Wengine walinikaribisha kwa kahawa na tende, wakasema inshallah. Wengine walisema wazi kwamba mlango wa skuli niliufunga mimi. Nikapata wengi. Nikapungukiwa na mmoja.

Nyumba ya dada niliiacha ya mwisho. Binti alikuwa amekwisha kuposwa, harusi imepangwa baada ya Sikukuu. Dada aliponisikia alicheka, kicheko kikavu.

"Umekuja kutuhesabu?"

"Wadogo wapate basi, dada. Nimepungukiwa na mmoja."

Kabla dada hajasema neno, binti akatoka ndani. "Niandike, mjomba," akasema. "Kwani napungukiwa nini? Nakwenda kuhesabiwa, si kusoma. Nikiolewa mtaniondoa."

Mama yake akamtazama, asimkatalie. Jioni ile alilishusha pindo la gauni la skuli, nalo bado likawa fupi, ikabidi avae suruali ndefu chini yake. Skulini wakamrudisha darasa aliloliacha, akakaa nyuma kabisa baina ya watoto waliomfika mabegani. Nilisikia kuwa siku ya kwanza walimwita mwalimu, wakidhani ndiye.

Basi likaanza. Siku ya Jumamosi, ambayo huku ndiyo mwanzo wa wiki, akaja mkaguzi kutoka Maskati kuhakikisha kwamba wasichana tuliowaandika ni watu kweli. Nilimpeleka ng'ambo mwenyewe asubuhi, akapanda ndani ya basi akawahesabu kwa kidole, mimi nikasimama mlangoni. Hesabu ikatimia. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto wake, na kwa kuwa hakuwa na haraka akaanza kuwauliza mmoja mmoja wanataka kuwa nani wakiwa wakubwa. Mwalimu, mwalimu, mwalimu, walijibu, na mmoja akasema anataka kuendesha basi, wote wakacheka. Akafika kiti cha nyuma.

"Na wewe, binti yangu?"

Nikaogopa atasema ukweli. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa atasema mimi naolewa baada ya Sikukuu, nimekuja kuwajazia tu, na basi liondoke tena.

"Nataka kuwa daktari," akasema kwa Kiarabu chake kile safi. "Mama yangu akiwa mgonjwa mimi ndiye ninayemweleza daktari anaumwa wapi. Nimekwisha kujua maneno yote. Nilitaka nijue na dawa."

Mkaguzi akapendezwa. Miaka yote ile, mimi mjomba wake, sikuwahi kumuuliza.

"Inshallah," mkaguzi akasema, akashuka.

Nami nikasema inshallah, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amegeuka ananitazama, akingoja niseme. Binti alikuwa ameelekeza uso dirishani, upande wa pili.